Maji ya chumvi kwenye dripu, jikoni na maabara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyaokota sehemu mbili. Mengi yametoka dirisha la dawa, ambako kila aliyevaa koti jeupe huitwa dokta. Mengine yametoka kwa wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne ninaowafundisha kemia jioni. Dirishani huulizwa, "Dokta, haya maji yana nini?" Darasani huulizwa, "Mwalimu, hii asilimia maana yake nini?" Kwangu hilo ni swali moja. Chumvi ni ile ile, ila namba iliyoandikwa kwenye lebo ndiyo inayoamua kama itaokoa, itaharibu au haitafanya kitu. Yaliyomo humu ni maelezo tu. Mgonjwa akiwa mbele yako, mpeleke kituo cha afya.

## Misingi

Maji ya chumvi ya hospitali ni kitu gani hasa?

Ni maji yaliyotakaswa na kuuliwa vijidudu, yakatiwa kloridi ya sodiamu. Hiyo ndiyo chumvi yetu ya mezani, isipokuwa haina madini joto wala dawa ya kuizuia isigandamane. Hakuna kingine ndani yake: si vitamini, si sukari, si damu. Geuza chupa usome lebo na utakuta "Sodium Chloride 0.9% w/v". Lita moja ina gramu 9 za chumvi, kama kijiko cha chai kimoja na nusu kilichosawazishwa kwa kisu.

Mmumunyo, kiyeyushi, ukolezi: maneno haya yana maana gani?

Chumvi ikiyeyuka hadi usiione, ulichonacho ni mmumunyo (vitabu vingine huandika myeyusho). Maji yaliyoyeyusha ni kiyeyushi na chumvi ni kiyeyushwa. Ukolezi ni kiasi cha kiyeyushwa kilichomo katika ujazo fulani wa mmumunyo.

Aliyewahi kupika hahitaji kufundishwa neno hilo. Mchuzi umekolea chumvi au haujakolea. Tofauti ni kwamba mpishi anaonja na mkemia anapima. "Imekolea" ya mvuvi aliyezoea ng'onda si "imekolea" ya mgonjwa wa presha aliyeambiwa ale chukuchuku, ndiyo maana tunahitaji namba.

Kwa nini 0.9? Kwa nini isiwe 1 au 5, namba rahisi?

Kwa sababu ya seli nyekundu za damu. Chukua vijaribio vitatu. Cha kwanza tia maji matupu, cha pili maji ya chumvi ya 0.9%, cha tatu ya 3%. Dondoshea kila kimoja tone la damu, tikisa taratibu, kisha vielekeze dirishani.

Cha kwanza kinageuka chekundu kinachopitisha mwanga, kama juisi ya rosela. Seli zimefyonza maji, zimevimba, zimepasuka na rangi yake imemwagika. Cha pili kina ukungu mwekundu, na ukikiacha kitulie seli zinazama zikiwa nzima. Cha tatu pia kina ukungu, lakini ukitazama kwa hadubini utaona seli zimenyauka na kingo zake zina vijiba, kwa sababu maji yamezikimbia kwenda nje kwenye chumvi nyingi. Mwendo huo wa maji kuvuka utando kufuata upande uliokolea zaidi ndio osimosi.

Mholanzi Hartog Jakob Hamburger alilifanyia kazi jambo hili mwishoni mwa karne ya 19, na 0.9% ikabaki kuwa namba ambayo seli zetu hazilalamikii. Mmumunyo wa namna hiyo huitwa isotoniki. Ulio mwepesi kuliko damu ni haipotoniki, mzito ni haipatoniki. Maneno haya mawili yanatofautiana irabu moja tu, na nimeshaona mtihani ukipotea kwa irabu hiyo. Humu nitasema "hafifu" na "kali".

Wodini wanaiita "nomo salaini". Nomo kwa lipi?

Kwa mazoea tu. Katika kemia, mmumunyo wa chumvi wenye nomaliti 1 una moli moja (kipimo cha wanakemia cha kuhesabia chembe) kwa lita, yaani gramu 58.44. Dripu ina gramu 9, sawa na moli 0.154. Ukimwomba mkemia akuandalie ya "nomo" bila kumtajia asilimia, anaweza kukupa kitu kikali mara sita na nusu. Hata kwa upande wa mwili jina halijakaa sawa, kwa sababu kloridi iliyomo imezidi ya damu (tazama *Je, maji ya chumvi ya 0.9% yanaweza kudhuru?*). Taja namba na uliache jina.

Nani alikuwa wa kwanza kumwekea mtu maji ya chumvi mshipani?

Anayetambulika zaidi ni Thomas Latta, tabibu wa Leith huko Scotland, mwaka 1832, wakati kipindupindu kikiua watu. Kijana mwenzake, William O'Shaughnessy, alikuwa amepima damu ya wagonjwa akaona imepungukiwa maji na chumvi. Latta akavirudisha vyote viwili kupitia mshipa. Baadhi ya wagonjwa waliokuwa wanakata roho waliinuka, kisha mtindo ukasahaulika kwa miongo mingi.

## Namba na hesabu

Asilimia kwenye chupa inasomwaje?

Ni gramu katika kila mililita 100 za mmumunyo. Herufi w/v zina maana ya uzito kwa ujazo. Kwa hiyo 0.9% ni gramu 0.9 katika mililita 100, gramu 4.5 katika nusu lita, gramu 9 katika lita.

Ipo asilimia nyingine ya uzito kwa uzito, w/w. Kwenye mimumunyo hafifu zinakaribiana hadi huoni tofauti. Kwenye mikali zinaachana. Kwa nyuzi 25, gramu 100 za maji hushika takribani gramu 36 za chumvi, halafu basi, nyingine inabaki chini. Mwanafunzi huandika "asilimia 36". Hapana. Mmumunyo wote una uzito wa gramu 136, kwa hiyo ni 36 kugawa kwa 136, karibu asilimia 26.

Niweke gramu 9 kwenye lita ya maji, au nijazie maji hadi ifike lita?

Jazia hadi ifike. Weka chumvi kwenye chupa ya kupimia, tia maji kiasi, tikisa mpaka iyeyuke, ndipo uongeze maji taratibu hadi alama, jicho likiwa usawa wa alama.

Najua gramu 9 hazitapandisha maji kwa kiasi cha kumsumbua mtu. Lakini siku moja niliwaagiza vijana watie gramu 300 kwenye lita kamili ya maji, kisha wapime ujazo waliopata. Ulikuwa karibu lita 1.1. Aliyedhani ana gramu 300 kwa lita alikuwa na 270 na kitu. Zoea njia sahihi kwenye kazi ndogo, mkono utaikumbuka kwenye kazi kubwa.

Milimoli 154 na milosmoli 308 zinatoka wapi?

Gramu 9 gawanya kwa 58.44, unapata moli 0.154, yaani milimoli 154 kwa lita. Chumvi ikiyeyuka hugawanyika kuwa ayoni ya sodiamu na ayoni ya kloridi, kwa hiyo una 154 za hii na 154 za ile. Jumla ya chembe ni 308, na hizo ndizo milosmoli, kwa kuwa osimosi huhesabu chembe bila kujali ni za nini.

Mjanja mmoja darasani aliniuliza: kama damu ina milosmoli 275 hadi 295, mbona tunasema 308 inalingana nayo? Swali zuri. Ndani ya maji ayoni hizi huvutana na hazijitegemei kikamilifu. Ukipima kwa mashine, 0.9% hutoa karibu 287.

Nina 5%, nataka nusu lita ya 0.9%. Nafanyaje?

Ukolezi wa kwanza mara ujazo wa kwanza ni sawa na ukolezi wa pili mara ujazo wa pili. Hapa 5 × V = 0.9 × 500, kwa hiyo V ni mililita 90. Pima 90, jazia maji hadi 500. Hiyo ni ya maabara ya shule. Cha kuingia mshipani hakichanganywi mezani.

Nimeona pia 0.45%, 0.85%, 3%, 7% na 23.4%. Zote ni za nini?

0.45% ni nusu ya kawaida, ina milimoli 77 za sodiamu kwa lita. 0.85% utaikuta maabara, ndiyo tone analowekewa mtu kinyesi chake kikitafutwa minyoo au amiba kwa hadubini. 3% ina milimoli 513 na ina swali lake hapo chini. 7% huvutwa kama mvuke na wagonjwa wa sistiki faibrosisi (ugonjwa wa kurithi unaofanya makohozi kuwa mazito) ili kuyalainisha. 23.4% ina milimoli 4 katika kila mililita moja na haitumiki bila kuchanganywa isipokuwa na mabingwa wa wagonjwa mahututi. Ikikaa rafu moja na maji ya kuyeyushia dawa, huo ni msiba unaosubiri siku yake.

## Dripu

Dripu inaongeza damu? Inatia nguvu?

Damu haiongezi. Ukipima hemoglobini (wekundu wa damu) baada ya lita mbili unaweza kuikuta imeshuka, kwa kuwa damu ile ile imezimuliwa.

Nguvu nazo zinategemea. Aliyeishiwa maji kwa kuhara atahisi amefufuka, na ni kweli amefufuka. Asiyeishiwa maji hatapata kitu: maji ya chumvi hayana kalori hata moja. Dripu ya sukari ya 5% ina gramu 50 za glukosi kwa lita, kilokalori 200 hivi kwa makadirio ya juu. Soda ya nusu lita ina sukari karibu hiyo hiyo, na huchomwi sindano. Mtu anayekuja kuomba "dripu ya uchovu" namwambia akale ubwabwa na maharage kisha alale. Wengi hununa.

Tofauti ya NS, RL, D5 na DNS ni nini?

NS, yaani nomo salaini, ni 0.9% tuliyoizungumza. D5 ni maji yenye sukari 5% bila chumvi. DNS ni vyote viwili pamoja. RL, yaani Ringa lakteti, ina sodiamu kama milimoli 130 kwa lita, kloridi 109 hivi, potasiamu kidogo, kalisi kidogo na lakteti ambayo ini huigeuza kuwa bikaboneti. Imefanana na damu zaidi.

D5 ina mtego. Ikiwa chupani inalingana na damu na haipasui seli. Ikiingia mwilini sukari inatumika, maji matupu yanabaki na kusambaa hadi ndani ya seli. Kwa hiyo ni isotoniki kwenye chupa, hafifu ndani ya mtu. Ndiyo sababu haitumiki kumwinua mgonjwa aliyepoteza damu au aliyehara sana.

Jina Ringa limetoka kwa Sydney Ringer wa London. Miaka ya 1880 moyo wa chura wake uliendelea kudunda vizuri kwenye maji ya chumvi, hadi alipogundua kuwa msaidizi alitumia maji ya bomba badala ya yaliyokenekwa. Yalipotumika yaliyokenekwa, moyo ukachoka. Kilichokuwa kwenye maji ya bomba ni kalisi.

Mtoto ana homa kali na amelegea, mbona daktari hakumwaga dripu haraka?

Hili linagombanisha wazazi na wahudumu karibu kila msimu wa malaria, kwa hiyo nitalikalia.

Zamani mtoto mwenye homa kali na dalili za mzunguko wa damu kudhoofika alipewa maji mengi kwa haraka. Ilionekana ni akili ya kawaida. Kisha ukafanyika utafiti uitwao FEAST katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, Kilifi na Muheza zikiwemo, kwa watoto 3,141. Baadhi walimwagiwa maji ya chumvi ya 0.9% haraka, wengine albumini (majimaji yenye protini ya damu), wengine hawakupewa mmwago huo. Matokeo yalitoka mwaka 2011. Katika saa 48 walikufa asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi, 10.6 ya waliopewa albumini, na 7.3 ya wasiomwagiwa. Maji yalikuwa sahihi na ukolezi ulikuwa sahihi, kilichoua ni kasi na wingi kwa watoto wale.

Waliokuwa wamekauka kwa kuhara hawakuwamo, na kwao maji bado ndiyo tiba. Hivyo daktari anayetundika taratibu, au asiyetundika kabisa, huenda hana ubahili wala uzembe. Muulize sababu. Ana jibu.

Matone kwa dakika yanahesabiwaje?

Ujazo kwa mililita, zidisha kwa idadi ya matone ya mrija kwa mililita, gawanya kwa dakika. Mrija wa kawaida wa watu wazima mara nyingi hutoa matone 20 kwa mililita, ule wa watoto 60. Idadi imeandikwa kwenye pakiti ya mrija. Lita moja kwa saa 8: 1000 × 20 ÷ 480, takribani matone 42. Hesabu matone ya nusu dakika ukiangalia saa, kisha zidisha kwa mbili. Ndugu wa mgonjwa, tafadhali, usiguse kile kigurudumu ili "iishe haraka turudi nyumbani".

Je, maji ya chumvi ya 0.9% yanaweza kudhuru?

Yanaweza. Lita moja ina gramu 9 za chumvi, na Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku. Mwenye moyo dhaifu au figo mbovu anaweza kujaa maji mapafuni.

Tena kloridi ya damu ni milimoli 98 hadi 106 kwa lita, ya dripu ni 154. Lita nyingi mfululizo huifanya damu ielemee upande wa asidi. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao SMART, uliotangazwa 2018, uliona figo za wagonjwa mahututi zikifanya vizuri kidogo kwa majimaji ya aina ya Ringa. Tafiti kubwa zilizofuata hazikuona tofauti hiyo. Nionavyo mimi, kwa chupa moja au mbili ugomvi huu hauna faida. Kwa chupa nane, una faida.

3% hutumika lini?

Hospitalini tu, pale sodiamu ya damu iliyoshuka (kawaida ni 135 hadi 145) imefikia kuleta degedege au kupoteza fahamu, au ubongo umevimba. Kuipandisha haraka mno nako kunaharibu ubongo, kwa hiyo kwa kawaida haivushwi milimoli 8 hadi 10 kwa saa 24. Damu hupimwa tena na tena.

## Nyumbani

Mtoto anaharisha na pakiti za ORS (chumvi na sukari za kurudisha maji mwilini) zimeisha. Nichanganye vipi?

Lita moja ya maji safi na salama, vijiko vya chai sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, nacho kimesawazishwa. Onja: isizidi chumvi ya machozi. Ikizidi, mwaga uanze upya. Mpe kidogo kidogo kwa kikombe au kijiko. Chini ya miaka miwili mpe mililita 50 hadi 100 kila akiharisha, juu ya hapo 100 hadi 200. Wa kunyonya aendelee kunyonya. Mchanganyiko usilale zaidi ya saa 24.

Hii ni ya kukuvusha usiku. Haina potasiamu, kwa hiyo asubuhi fuata pakiti na vidonge vya zinki. Na usome pakiti: zipo za lita moja na zipo za nusu lita. Mama mmoja alinieleza kwa uchungu kwamba mwanawe anatapika kila anachopewa. Nikamwomba anioneshe alivyochanganya. Alitoa kikombe cha chai kwenye pochi. Pakiti nzima ya lita moja ilikuwa humo.

Kwa nini kuna sukari ndani ya ORS? Si itazidisha kuhara?

Sukari ikizidi, ndiyo, itazidisha, na soda na juisi za dukani hufanya hivyo. Kwa kiasi sahihi, ukuta wa utumbo huzipokea glukosi na sodiamu zikiwa zimeshikana mikono, na maji huzifuata. Ndiyo maana fomula inayotumika tangu 2002 ina milimoli 75 za glukosi na 75 za sodiamu, na jumla ya milosmoli 245 kwa lita. Ya zamani ilikuwa 311. Waliipunguza, na kuhara na kutapika kwa watoto kukapungua kuliko zamani. Daktari Dilip Mahalanabis alionesha nguvu ya maji haya mwaka 1971 kwenye kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, dripu zilipomwishia katikati ya kipindupindu.

Naweza kujitengenezea maji ya kusafishia pua au kusukutua?

Kusukutua koo, nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji vuguvugu inatosha. Inafika kama 1% na usahihi hauna umuhimu.

Pua ni habari nyingine. Maji lazima yawe yamechemka kisha yakapoa, hata kama bomba lenu ni safi la kunywa. Mwaka 2011 huko Louisiana, Marekani, watu wawili walikufa kwa amiba ya ubongo baada ya kuosha pua kwa maji ya bomba. Tumboni amiba huyo hana madhara, puani anapanda. Maji matupu bila chumvi pia huwasha pua kwa sababu ile ile inayopasua seli.

Na kusafisha kidonda? Na lenzi za macho?

Kidonda cha kawaida kinaoshwa vizuri kwa maji safi ya bomba au yaliyochemshwa yakapoa. Maji ya chumvi hayauwi vijidudu kwa ukolezi wa 0.9%, kazi yake ni kuosha bila kuunguza. Kumwagia chumvi ya mawe juu ya kidonda ni kumtesa mtu. Lenzi za macho: usithubutu kutengeneza maji yake nyumbani.

Aliyekunywa sumu anyweshwe maji ya chumvi atapike?

Hapana. Chumvi nyingi yenyewe ni sumu na imewahi kuua, watoto hasa. Mpeleke hospitali na chombo cha hicho alichokunywa.

## Kuchanganya dawa

Je, kila dawa ya sindano huyeyushwa kwa maji ya chumvi?

La. Kosa hapa halionekani mara zote kwa macho. Atesuneti ya malaria kali huanza kuyeyushwa kwa bikaboneti ya sodiamu iliyomo kwenye pakiti, kisha ndipo huzimuliwa. Kwa chupa ya miligramu 60 ni mililita 1 ya bikaboneti na mililita 5 za 0.9% au D5 ikiwa ni ya mshipa, ukapata miligramu 10 kwa mililita. Kwa msuli ni mililita 2 badala ya 5, ukapata 20. Maji ya sindano yasiyo na chumvi hayatumiki.

Amfoterisini B, dawa ya homa ya uti wa mgongo iletwayo na kuvu, ni kinyume chake: ikikutana na maji ya chumvi inaganda, inatakiwa D5. Fenitoini ya kifafa inataka 0.9% na inaikataa D5. Seftriaksoni haikutani na RL kwenye mrija mmoja kwa sababu ya kalisi, na kwa mtoto mchanga katazo ni kali zaidi.

Kwa nini damu ikitundikwa hutangulizwa 0.9% na si Ringa?

Damu ya benki haigandi kwa sababu sitreti iliyomo imeikamata kalisi. Ringa inaleta kalisi mpya na damu inaweza kuganda ndani ya mrija. D5 nayo huzishikamanisha na kuzipasua seli.

Ampuli ya chumvi na ya potasiamu zinafanana. Kuna ubaya?

Kloridi ya potasiamu kali ikisukumwa mshipani moja kwa moja husimamisha moyo. Vimiminika vyote viwili ni angavu kama maji na majina yote yanaanza na kloridi. Mimi husoma lebo kwa sauti, hata nikiwa peke yangu. Wenzangu walinicheka mwezi wa kwanza.

## Maswali ya pembeni

Chupa ya 0.9% ikibaki nusu, niifunike niitumie kesho?

Usiitumie. Haina kihifadhi, na maji ya chumvi ya kiwango hiki ni makazi mazuri kwa bakteria. Haya ni yale yale niliyosema kwenye kidonda: hayauwi.

Bahari nayo ni maji ya chumvi. Kwa nini aliyepotea na ngalawa asinywe?

Bahari ina gramu 35 hivi za chumvi kwa lita, karibu mara nne ya dripu. Figo haziwezi kutoa mkojo wenye chumvi kali kiasi hicho, kwa hiyo kila glasi inamdai mwili maji zaidi ya yaliyoletwa nayo. Ni kile kijaribio cha tatu, safari hii ndani ya mtu mzima.

Kipimo cha yai kinasema kweli?

Waweka achari hulitumbukiza yai bichi kwenye maji ya chumvi, likielea wanasema yamekolea. Wako sahihi kwa kiasi chao. Yai bichi ni zito kidogo kuliko maji, na halielei hadi chumvi ifike takribani asilimia 10 au zaidi. Kwa 0.9% litazama kama jiwe, kwa maji ya bahari litazama pia. Masharti yake ni kwamba yai liwe jipya. Likikaa, hewa ya ndani huongezeka, na yai viza huelea hata kwenye maji matupu. Mwenye yai la mwezi uliopita atapata jibu zuri na maembe yaliyooza.